Kiti cha Mbele cha Gari la Bi Mwantumu

Sogeeni, na mwenye kutafuna atafune taratibu. Haya sikuhadithiwa na mtu. Niliyaona kwa macho yangu, nimekalia kreti la soda uani kwa Bi Mwantumu, pale Korogwe, na atakayebisha akaliulize lile kreti.

Mtaa ule ulikuwa na watu watatu wenye vipawa. Bi Mwanjaa, muuza sambusa, alikuwa na pua. Pua ile ilinusa maziwa yanayotaka kuungua kwa jirani wa tatu, na ikanusa chumvi iliyopungua mchuzini kabla sufuria haijafunuliwa. Mzee Kihiyo, mwenye mashine ya kusaga, alikuwa na sikio. Ikipita pikipiki nyuma ya ukuta, alikwambia ni ya nani na kwamba oili yake imechoka. Semeni, fundi cherehani, alikuwa na jicho. Akikutazama mara moja ukikatiza barabara, nguo atakayokushonea itakukaa bila kukupima.

Bi Mwantumu mwenyewe kipawa chake kilikuwa gari. Gari la umeme, la kwanza mtaani, jeupe, halina moshi wala kelele. Binti yake Saumu alikuwa anaolewa Lushoto, na mama mtu akaapa mbele ya ukoo mzima kwamba atampandisha mlima ndani ya gari hilo, usukani ukiwa mikononi mwake. Shemeji yake Sekiteri, mwenye pikapu kuukuu, akacheka mpaka kahawa ikampalia.

"Shemeji, ile ni pasi iliyowekewa magurudumu," akasema. "Kona za Soni utazitazama kwa mbali. Nitakuwa nyuma yako, nikuokotee bibi harusi."

"Njoo," Bi Mwantumu akamjibu. "Ila beba maji. Vumbi langu utalila mpaka Lushoto."

Maneno ya namna hiyo yakishatoka hayamezeki tena. Basi gari likagoma kushiba. Akilichomeka jioni, asubuhi limeonja robo tu. Akilichomeka mchana, linakula, linakata, linakula, linakata. Kwa robo ile Mombo angefika, lakini mlima angeusalimia kutoka chini. Harusi ilikuwa Jumamosi, na wiki ilishafika katikati. Bi Mwantumu hakumwambia mtu, Sekiteri asije akasikia. Akawa analipapasa gari boneti kama mama mwenye mtoto wa homa.

Akaja Bi Mwanjaa, kuuliza sambusa za harusi. Mguu mmoja ndani, mmoja nje, akasimama. "Mwantumu, unachoma nini?"

"Sichomi kitu."

"Kuna plastiki inaumwa humu."

Akaifuata pua yake mpaka chini ya dirisha. Akafunua busati, chini ya busati kuna blanketi, chini ya blanketi kuna ekstensheni nyembamba imejiviringa kama nyoka aliyelala, ya moto kama chapati.

"Umeifunika ya nini?"

"Macho ya watu, Mwanjaa. Gari jipya, harusi, na hapa ni njia. Nikasema nisiuache waya uchi."

"Umeukinga na kijicho, ukaupika."

Blanketi likarudi kitandani, ekstensheni ikatupwa, gari likasogezwa hadi ukutani na kuchomekwa moja kwa moja. Tangu hapo halikukata tena. Bi Mwantumu akamshika mikono. "Mwanjaa, Jumamosi kiti cha mbele ni chako."

Na kiti cha mbele si kitu kidogo. Kwa wakwe wale wa Lushoto, anayekaa mbele kwenye gari la bibi harusi ndiye anayeshuka wa kwanza, ndiye anayenyunyiziwa marashi langoni, na jina lake hutajwa kabla ya la bibi harusi mwenyewe.

Akaja Mzee Kihiyo, kuuliza mchele wa kusaga. Hajamaliza salamu, akainua kidole. "Nyamazeni."

Wakanyamaza. Kiboksi cha chaji kilikuwa kinanguruma vizuri, lakini pampu ya maji ilipoanza kikashusha pumzi kama punda aliyeongezewa mzigo.

"Mwanangu, waya mmoja unanyonywa na watatu," Mzee Kihiyo akasema. "Pampu, friji na gari. Mashine yangu ya kusaga nikiiwasha pamoja na ya kukoboa hulia hivi hivi. Jiko lako la umeme liko wapi?"

"Lipo jikoni. Silitumii, nyama ya mkaa ni tamu zaidi."

"Basi soketi ya jiko ina waya wake peke yake, mnene, unalala bure. Lipe gari."

Gari likasogezwa tena, hadi dirisha la jikoni. Tangu hapo umeme haukuyumba. Bi Mwantumu akapiga goti. "Baba, Jumamosi kiti cha mbele ni chako."

Akaja Semeni, na gauni la mama wa bibi harusi. Akamwambia aingie garini nalo, ashike usukani, waone kama mikono itabana kwenye kona. Semeni akakaa pembeni, pini mdomoni, akitazama kwapa. Ghafla jicho likahama.

"Dada, hivi vijistari vinne chini kabisa kwenye kioo cha dashibodi ni vya nini? Kimoja kinawaka, vitatu vimelala."

"Mapambo hayo."

"Hakuna fundi anayeweka pambo pasipoonekana. Hebu bonyeza."

Akabonyeza. Kumbe aliyeliuza gari alikuwa ameliacha limeamriwa kunywa kwa kijiko. Vijistari vyote vikawaka, na gari likaanza kunywa kwa kata. Ijumaa alasiri kioo kikaandika mia kwa mia. Bi Mwantumu akajipigia kigelegele mwenyewe, hakungoja wa kumsaidia. "Semeni, kesho kiti cha mbele ni chako."

Jumamosi asubuhi Saumu kaketi nyuma, somo yake kulia, shangazi kushoto. Mlango wa mbele una mikono mitatu.

"Bila mimi nyumba ingewaka, mngekuwa mnachaji majivu," akasema Bi Mwanjaa.

"Bila mimi vijistari vinne kwenye ule waya wa watatu vingeangusha swichi kuu, mkakaa gizani," akasema Mzee Kihiyo.

"Bila mimi lingekuwa bado linalamba kijiko, na harusi ingekuwa mwezi ujao," akasema Semeni.

Nyuma yao Sekiteri akapiga honi. "Shemeji, nimpakie bibi harusi?"

Bi Mwantumu akasimama na gauni lake lisilobana, ufunguo mkononi, kidevu juu. Gari lake limeshiba na mlima haumtishi. Kinachomtisha ni neno lake moja alilowapa watu watatu, na wakwe wanaongoja langoni na marashi.

Lushoto walifika, na vumbi Sekiteri alilila. Nani alishuka wa kwanza ninamjua, na sisemi. Je, ufunguo ungekuwa mkononi mwako, ungemfungulia nani?

Mkipima, liondoeni lile la kunusa chumvi. Chumvi haina harufu, nililiongeza mwenyewe, kwa kuwa sambusa za Bi Mwanjaa hunifikia zikiwa bado moto. Mengine yote kreti ni shahidi.