Utii wa Bodomer Mvunja Vijiko

Kaeni vizuri, enyi watu wa Kerekvar, niwatajie aliyetuweka hapa. Zamani za mababu, nchi ya Wahungari ikiwa bado na misitu mingi kuliko watu, alizaliwa Bodomer mwana wa Tas mwana wa Keve, Bodomer Mkono-Radi, ambaye akibisha hodi wenyeji walimtafuta seremala, na ambaye mkewe Piroska alimlisha kwa mwiko, kwa kuwa vijiko vyote vya nyumba alikwisha kuvivunja.

Kazi yake ilikuwa kufua sarafu za fedha. Siku zile, kila masika mjumbe wa mfalme alileta muhuri mpya wa chuma wa kugongea sarafu, na sarafu ya kwanza ikishagongwa, za zamani zilikufa: kila mtu alitoa tatu akapewa mbili mpya. Watu wakakonda mwaka hata mwaka, hata ikafika baridi moja wakaimaliza bila chembe ya chumvi.

Masika yaliyofuata Bodomer akainua nyundo, akagonga mara moja, muhuri ukapasuka. Akalia kwa aibu, maskini, akidhani amewaponza wenzake. Lakini bila muhuri hapakuwa na sarafu mpya, na bila mpya, za zamani zilibaki halali. Watu wakanunua chumvi, wakambeba begani, wanaume kumi na wanane, kwa zamu.

Miaka sita mihuri ikaja, kila mmoja mnene kuliko uliotangulia, na miaka sita Bodomer akatii kwa nguvu zake zote. Mwaka wa saba mjumbe akaleta muhuri mnene kama paja la ng'ombe, akaapa kwamba ukivunjika, mkono ule utakatwa. Bodomer akautazama mkono wake. Aliupenda, na aliogopa kwelikweli. Alijua pia kwamba angeweza kugonga taratibu.

Piroska akamwambia, "Mume wangu, gonga unavyojua. Kukulisha nimeshazoea."

Akagonga. Muhuri ukawa unga, fuawe iliyokuwa chini yake ikazama, sakafu ikaifuata, na Bodomer akateremka nayo ardhini, mkono wake ukiwa mzima. Mjumbe akachungulia shimoni na shoka lake, akaondoka bila kuaga.

Kila jioni Piroska aliteremsha mwiko wa uji kwa kamba, ukarudi haujaguswa. Siku ya arobaini alipouvuta, ulirudi mtupu, umevunjika katikati. Akacheka huku analia.

Mji huu ukajengwa kulizunguka shimo hilo. Na hadi leo, amri ngumu ikitoka juu, sisi hatuibishii. Tunaitii kwa nguvu zetu zote, mpaka ivunjike.