Sabuni Iliyougua na Kiti Kimoja

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme na majini, ni zamani ya watu hawa hawa tunaosalimiana nao, walikuwapo wanafunzi watatu wa kemia katika chuo kikuu kimoja. Sogeeni karibu na msisinzie, maana mwishoni mimi nitanyamaza na nyinyi ndio mtakaosema.

Wa kwanza alikuwa Tumpale, binti wa Tukuyu, mwenye haraka kuliko saa yake. Wa pili Nanyori, binti wa Monduli, aliyeweza kuhesabu matone asubuhi hadi jioni bila kupiga mwayo. Wa tatu Shekiondo wa Lushoto, aliyekuwa amevunja vyombo vya kioo vingi mno, hata fundi wa maabara akimwona mlangoni alikuwa akishika kichwa.

Walikuwa mwaka wa mwisho, na Tumpale hakuwa na raha. Kila likizo shangazi yake alimuuliza, "Mwanangu, hiyo kemia inaishia wapi? Duka la dawa utafungua lini?" Tumpale alimweleza kwamba mkemia si muuza dawa, kwamba wakemia wapo kwenye saruji, kwenye rangi, kwenye maji ya bomba, hata kwenye ushahidi wa polisi. Shangazi alisikiliza yote, kisha akasema, "Kote huko, na wewe hakuna aliyekuita?"

Basi siku moja akaingia maabara mama mmoja wa makamo, kipande cha sabuni amekishika kwa ncha za vidole kama aliyeokota panya. Alikuwa Bi Sozigwa, mwenye kiwanda cha sabuni huko Muheza.

"Wanangu," akasema, "sabuni yangu imeugua. Miaka kumi na minane imefua nguo za watu, leo inawachubua mikono. Madobi wamenirudishia. Ghala limejaa. Ikiendelea hivi mwezi mmoja, nafunga, na watu arobaini wanarudi nyumbani. Atakayeniponyea sabuni hii, kiti cha mkemia wa kiwanda ni chake. Lakini kiti ni kimoja."

Dakta Mhina, mwalimu wao, akaikata sabuni vipande vitatu, kila mmoja chake.

Ukutani paliandikwa kwa rangi nyekundu: MAABARA HAILAMBWI. Tumpale akaugeuzia mgongo ule ukuta, akailamba sabuni. Alikuwa amesikia kwamba wapika sabuni wa zamani huijua kwa ulimi. Na kweli ulimi ulijua! Ulipigwa kama umegusa waya wa umeme. Machozi yakamtoka, akakimbilia bomba, akapaza sauti:

"Kothiki! Kothiki imethidi!"

"Umelamba?" akauliza Dakta Mhina.

"Thijalamba, Mwalimu."

Nanyori peke yake ndiye aliyeelewa. Kostiki ni yale magadi makali yanayogeuza mafuta kuwa sabuni. Ikizidi, inachubua ngozi. Nanyori akaiyeyusha sabuni yake kwenye spiriti, akatia dawa inayoipa kostiki rangi ya waridi, kisha akadondosha tindikali, tone kwa tone, mpaka rangi ikatoweka. Akarudia mara kumi na moja, siku tatu nzima. Mwisho akaandika: kostiki imezidi kwa sehemu moja ya tano. Akaandika pia ni mafuta kiasi gani yaongezwe ili sabuni yote iliyorudishwa ipikwe upya, usitupwe hata mche mmoja.

Na Shekiondo? Kipande chake kilimponyoka kikaangukia kwenye sinki, kikayeyuka. Akaona aibu kuomba kingine, akaenda Muheza kukitafuta mwenyewe. Akafika kiwandani wakati wa chakula cha mchana, wafanyakazi wakamkaribisha ugali na dagaa. Akala, akacheka nao, akauliza hili na lile. Akaona kostiki ikipimwa kwa ndoo ya buluu.

"Tangu lini mnapimia hii?"

"Tangu ile ya njano ilipopasuka," akajibu msimamizi. "Ndoo ni ndoo, kijana."

Shekiondo akaiokota ya njano uani, akaitumbukiza ndani ya ile ya buluu. Ikazama yote, mpaka mdomo.

Basi ndoo ikabadilishwa, mafuta yakaongezwa kwa hesabu ya Nanyori, sabuni ikapona. Bi Sozigwa alifua mashuka kwa mikono yake siku nne mfululizo, mikono ikabaki laini. Madobi wakarudi. Ndipo akawaita wote watatu, pamoja na mwalimu wao, ofisini kwake.

Ulimi wa Tumpale ulikuwa umepona, naye akawa wa kwanza. "Mama, bila mimi hawa wawili wangekuwa bado wanaitazama sabuni. Mimi nilijua siku ile ile, na nililipia kwa ulimi wangu. Wiki nzima nimekunywa uji wa baridi."

"Na mwakani utalamba sumu," Dakta Mhina akaguna.

Nanyori akasema, "Kusema imezidi, hata mtoto anasema. Imezidi kiasi gani? Bila mimi, Mama, ghala zima ungelimwaga."

"Ungepika upya leo," akadakia Shekiondo, "na kesho ndoo ile ile ikaiharibu tena! Wao waliuona ugonjwa. Mimi niliona unakotoka."

"Ulifuata ugali," akasema Tumpale.

"Nao ulinifikisha!"

Wakiwa katika kubishana, mlango ukasukumwa. Akaingia Mama Kidawa, mkorogaji wa sabuni tangu kiwanda kilipofunguliwa, mwiko wake mrefu mkononi.

"Samahani, Bi Sozigwa, nimesikia kuna kiti. Ndoo ya njano ilikuwa ikinifika gotini. Ya buluu ikanipita goti. Siku ile ile iliyoletwa nilimwambia msimamizi, hii ni kubwa, kostiki itazidi. Akaniambia, Mama, wewe koroga. Nikakoroga. Huyu kijana ndiye wa kwanza kuniuliza, nikamwonyesha ndoo ya njano ilipo. Kemia sijasoma. Ila nilijua kabla yao wote."

Watu wakamgeukia Shekiondo. Naye akaanza kuangalia dari.

Tumpale alikuwa ameshaipanga moyoni barua ya kumwandikia shangazi. Sasa akaanza kuifuta. Alitaka kusema kwamba mkorogaji hawezi kuwa mkemia, lakini akakumbuka kwamba yeye mwenyewe alitumia ulimi tu.

Bi Sozigwa akawatazama mmoja mmoja, wanne wote, kisha akakisogeza kiti katikati ya chumba, kitupu.

Haya, mimi nimenyamaza. Yuko aliyelamba, yuko aliyepima, yuko aliyeuliza, na yuko aliyesema asisikilizwe. Kiti ni kimoja. Je, nani alistahili?