Mnada Ulionyamaza Mtondoo

"Mnada ukinyamaza, shusha mkono." Ndivyo alivyosema yule mzee pale gulioni leo, nanyi mkacheka, mkadhani anawasema wasio na pesa. Sivyo, wajukuu zangu. Msemo huu una mwenyewe, na ulizaliwa hivi.

Palikuwa na mwanamke akiitwa Nyamizi, mtu wa Tabora. Alifika Mtondoo, njia ya kwenda Mbinga, pamoja na mumewe aliyekuwa kibarua wa barabara. Barabara iliposonga mbele, mume akasonga nayo, asirudi. Nyamizi akabaki na chumba cha kupanga na karai la kukaangia maandazi. Watu walinunua, wakashukuru, wakaenda zao. Hakuna aliyeketi.

Alichokitamani ni watu wa kuketi naye. Kila jioni aliitazama mashine ya kusaga ya Mzee Kastory: wanawake wamekaa juu ya ndoo zao wakingoja zamu, kope zimejaa unga, wanataniana, wanashikiana watoto. Nyamizi akajisemea moyoni, mwenye mashine hakosi watu.

Kisha biashara ya Mzee Kastory ikafilisika. Mahakama ikamtuma dalali aje auze kila kitu kwa pamoja: injini, mashine ya kusaga na ya kukoboa, hata mizani. Kijiji kizima kilijaa uwanjani, na hakuna aliyefungua kinywa. Dalali akataja bei, kimya. Akaishusha, kimya. Wanaume walitazama viatu vyao, wanawake wakakaza kanga ambazo hazikuwa zimelegea.

Nyamizi alikuwa mtu wa kutazama, na siku ile alitazama sana. Alikiona kile kimya, akakisoma kuwa ni umaskini, au ni kutojali. Bei ilipoteremka hadi ikatoshana na akiba yake yote, akainua mkono.

Watu wote waligeuka. Hata dalali alimtazama mara mbili kabla ya kugonga meza.

Asubuhi yake Nyamizi alifagia kibanda cha mashine, akawasha injini, akangoja. Hakuja mtu. Kesho yake vilevile. Wanawake walipita mlangoni na ndoo kichwani, wakivuka mto kwenda kusaga kijiji cha pili, na kila mmoja alimwamkia kwa adabu.

"Umeamkaje, mama?"

"Salama."

"Haya, kazi njema."

Wakapita. Angetukanwa, angalau angepata la kujibu.

Mwishowe alimwendea Mama Odilia, mama mtu mzima aliyekaa naye ukuta kwa ukuta, akamkuta anapepeta maharage.

"Mama, nimewakosea nini?"

"Hujakosea. Dalali aliuliza, ukajibu."

"Basi mbona hamji?"

Mama Odilia akapuliza makapi. "Siku ile ulituona tumenyamaza. Ulidhani hatuna?"

"Nilidhani hamuitaki."

"Ndiyo desturi yetu, mwanangu. Mwenzetu akipigiwa mnada, tunanyamaza mpaka dalali achoke. Bei ikishalala chini, mmoja wetu anainua mkono kwa fedha ya wote, na kitu kinarudi kwa mwenyewe. Mchango ulikuwa mfukoni mwa Fabiani, mkwewe Kastory. Alikuwa anangoja bei ishuke kidogo tu. Wewe ukamtangulia."

Nyamizi akakaa chini bila kukaribishwa. "Huo mchango ulipitishwa lini?"

"Kabla ya mnada. Nyumba kwa nyumba."

"Kwangu haukufika."

Mama Odilia aliendelea kupepeta, ingawa ungo ulikuwa umeshatakata. "Haukufika," akasema. "Tulikuruka. Hakuna aliyekumbuka kwamba na pale pana mtu."

Nyamizi aliupeleka ufunguo kwa Mzee Kastory. Mzee hakuupokea. "Umenunua kihalali," akasema. "Michango ya watu imesharudi kwa wenyewe, na mimi cha bure cha mtu mmoja sipokei. Nenda na mashine yako, mwanangu." Mashine ikabaki kusaga mahindi ya wapita njia, na siku nyingi haikusaga kitu.

Mwaka uliofuata akafilisika Theodosia, fundi wa kushona, na vyerehani vyake vikaletwa uwanjani. Mchango ukapitishwa nyumba kwa nyumba, na kwa Nyamizi haukufika tena. Safari hii hawakuwa wamemsahau. Hata hivyo alikwenda, akasimama nyuma kabisa, mikono ndani ya kanga.

Dalali akataja bei, kimya. Akaishusha, kimya. Kando ya Nyamizi alisimama mgeni, mchuuzi aliyeshuka kwenye lori, uso umemchanua.

"Watu wa huku vipofu nini?" akanong'ona. "Vyerehani vizima hivi vinaokotwa." Akaanza kuinua mkono.

Nyamizi akamshika kiwiko. "Kaka, mnada ukinyamaza, shusha mkono."

"Kwa nini?"

"Wenyewe wameshazungumza."

Mgeni akamwangalia. "Kumbe wewe ni wa hapa?"

Nyamizi alitazama migongo ya watu mbele yake. "Nakaa hapa," akasema.

Mgeni akashusha mkono. Bei ikalala, mkono wa kijiji ukainuka, na vyerehani vikarudi kwa Theodosia vikisindikizwa na vigelegele. Hakuna aliyegeuka kutazama nyuma. Nyamizi alirudi peke yake, na nyimbo akazisikilizia mbali mpaka zilipokwisha.

Yule mgeni ndiye aliyeondoka na maneno yale. Aliyasimulia kila gulio aliloshusha mzigo, yakatembea, mpaka siku moja yakaingia Mtondoo yenyewe, watu wakayapenda, wakayasema bila kujua yalitoka kinywani mwa nani.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, mkikuta watu wengi wamezunguka kitu kizuri na hakuna anayekitaka, msidhani mifuko yao ni mitupu. Lipo jambo wameafikiana, nanyi hamkuambiwa. Mnada ukinyamaza, shusha mkono.