Kwa Nini Anayekandwa Nyayo Hufumba Macho

Hapo kale unyayo haukuwa na kazi nyingine ila kukanyaga. Aliyeumwa kichwa alikandwa kichwa, aliyeumwa tumbo alikandwa tumbo, na ukimwona mtu ameshikwa mguu ulijua anatolewa mwiba. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa.

Siku hizo aliishi mkandaji mmoja jina lake Semboja, mwenye vidole gumba vigumu kama mchi. Mama mkwe wake, Bi Kungulwe, hakuipenda kazi hiyo hata kidogo. "Mwanamume mzima, kazi yake kufinya watu!" alisema, akafunga safari ya siku mbili kuja kumrudisha nyumbani binti yake, Namweta. Lakini alifika kichwa kinamgonga hata akashindwa kusema alichokuja kusema, na kwake hilo lilikuwa gumu kuliko maumivu yenyewe.

Namweta akajaribu kumkanda mama yake, akamsonga kama ugali. Bi Kungulwe akalia zaidi. Mwenye ujuzi alikuwa mmoja tu, naye ndiye mkwe. Na mila ya pale haikuwa na mchezo: mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala hamgusi. Semboja alihangaika sana, maana alimpenda mkewe. Mama akiachwa aumwe, mke angeondoka. Akiguswa, mke angeondoka vilevile.

Namweta ndiye aliyekumbuka kwamba mgeni huoshwa miguu, na mwoshaji ni mwenye nyumba. Basi wakatundika mkeka katikati ya chumba, Bi Kungulwe akapitisha miguu chini yake, Semboja akaanza kuosha. Lakini mazoea yana taabu. Vidole vyake vikaanza kufinya vyenyewe. Nayo maumivu, ambayo hupenda kubembelezwa, yalipoona juu hakuna mkono, yakaufuata chini, yakaingia kidole kikubwa cha mguu.

"Uuwi! Hapo hapo, baba!" Bi Kungulwe akapiga ukelele. "Hapo ndipo kichwa!"

"Hicho ni kidole, mama."

"Unabishana na mwenye kichwa?"

Kichwa kikatulia. Tumbo likaona wivu, likateremka katikati ya unyayo. Mgongo ukajibanza ukingoni. Figo nazo zikaomba nafasi. Mwishowe Semboja akagusa penye mtekenyo, Bi Kungulwe akarusha teke, mkeka ukaanguka. Wote wawili wakafumba macho palepale.

"Umeniona?"

"Sijaona kitu, mama."

"Basi endelea."

Bi Kungulwe alikaa pale miezi mitatu, kila siku na ugonjwa mpya. Namweta hakurudishwa, na neno lililomleta mama yake halikutajwa tena.

Na tangu siku hiyo kila kiungo kina makao yake unyayoni, na anayeumwa juu hukandwa chini. Nanyi mkimwona mtu anakandwa nyayo huku amefumba macho, msidhani amezidiwa na raha. Ni adabu tu: anaogopa kumwona mkwewe.