Mwalimu Asiyeona na Safari ya Shelisheli

Nakuomba dakika mbili tu. Ukimaliza kusoma, mtumie mtu mmoja unayejua anajiandaa na safari.

Walimu tisa wastaafu wa Singida walipanga kwenda kutembea Shelisheli, visiwa walivyovifundisha miaka yote kwenye jiografia bila kuvitia machoni. Mmoja wao, Mwalimu Mghenyi, haoni.

Siku ya kukata tiketi, kiongozi wa msafara, Bwana Kitundu, alimnong'oneza wakala, "Huyu mzee anakwenda kuangalia nini?"

Mghenyi alisikia. Alimgeukia wakala akaanza kuuliza. Tunabadilisha ndege wapi? Ya kwanza ikichelewa, je, ipo nyingine? Inapitia wapi?

"Mwalimu, hayo yote yameandikwa kwenye karatasi," Kitundu alisema kwa kukereka. "Tutayaona huko huko."

"Ninyi mtayaona. Mimi niacheni niulize."

Aliuliza karibu saa nzima.

Siku ya safari mvua kubwa ilichelewesha ndege ya kwanza. Walipofika mahali pa kubadilisha, ya pili ilikuwa imeshaondoka. Wazee wakachanganyikiwa. Kitundu aliukodolea macho ubao wa ratiba, majina ya miji yakipishana, asijue aanzie wapi. Wengine wakaanza kusema bora warudi nyumbani.

"Harudi mtu," alisema Mghenyi. "Ipo ndege ya saa kumi, inapitia kisiwa cha Morisi. Dawati la shirika lake hufungwa saa moja kabla. Sasa saa ngapi?"

"Saa tisa kasoro dakika kumi," Kitundu alijibu.

"Basi tunawahi. Nipe bega lako, twende."

Walifika mhudumu akikusanya karatasi zake. Mghenyi alimweleza shida yao kwa utulivu, akitaja ndege na saa yake. Dada yule alibofya kompyuta, kisha akatabasamu. "Mna bahati, Mzee. Nafasi zimebaki kumi na moja."

Kitundu aliinamisha kichwa. "Mwalimu, ngoja nikubebee begi."

"Begi langu lina magurudumu," Mghenyi akacheka. "Wewe wahesabu wenzako, tusimwache mtu."

Kesho yake asubuhi walitua Shelisheli, wote tisa. Kabla hawajatoka uwanjani, Kitundu aliwasimamisha wenzake.

"Jamani, kuanzia hapa kiongozi wetu ni Mwalimu Mghenyi."

Hakuna aliyepinga.

Funzo: Kuwa na macho si kuwa na maandalizi. Uliza mapema, na usimdharau anayeuliza.