Jina la Mtoto wa Yunisi

Haya, sogeeni, na anayetafuna karanga atafune kimyakimya. Leo siwaletei hadithi ya kulalia. Nawaletea kesi. Mnanijua nilivyo hodari wa kuamua mambo ya watu. Sasa kesi ikinishinda mimi, mjue ni ngumu.

Musoma palikuwa na mama mmoja mjane, Bi Nyangeta. Alikuwa na wana watatu wa kiume, na binti mmoja, kitinda mimba wake, Yunisi. Wale wanaume tuwaache hukohuko makazini kwao, maana kila walipoambiwa jambo walijibu "tutaona", na mpaka leo bado wanaona. Wenye hadithi ni wake zao.

Mke wa kwanza, Perusi, kipaji chake kilikuwa kupanga. Huyo ukimwalika harusini atakuuliza kwanza mvua ikinyesha mtakimbilia wapi. Wa pili, Bhoke, Mkurya wa Tarime, kipaji chake usukani. Aliendesha basi la shule, na barabara ikiharibika ndiyo kwanza anapiga mluzi. Wa tatu, Akeyo wa Rorya, kipaji chake kilikuwa mgongo. Msicheke! Mtoto akiwashinda watu kwa kulia, akifungwa mgongoni kwa Akeyo ananyamaza.

Yunisi aliolewa Rwanda, mji wa Kibungo, na fundi seremala anayeitwa Faustini. Alijifungua mara mbili, na mara zote mbili mtoto hakuishi. Mara zote mbili mama yake hakuwepo. Si kwamba hakumpenda. Ziwa lilimchukua mume wake, na tangu siku ile Bi Nyangeta hakukanyaga tena chombo cha majini, hata kwa kubembelezwa. Na enzi zile, kabla ya daraja, njia fupi ya kwenda Rwanda ilipita kwenye kivuko, pale Kigongo kuelekea Busisi.

Mimba ya tatu ilipokua, Yunisi akapiga simu.

"Mama, safari hii nataka mkono wako niushike. Peke yangu siwezi tena."

Bi Nyangeta akaiweka simu mezani, akajifunika kanga usoni, akalia. Wakamwana wake wakatazamana.

"Tunampeleka," akasema Bhoke.

Basi Perusi akaanza kazi. Alimtafutia mama hati ya kusafiria, na yule mama picha ya kwanza alifumba macho, ya pili akafumba, ya tatu Perusi akamtekenya. Akawapeleka wote kuchanjwa homa ya manjano mapema, wapate zile kadi, Bhoke akilalamika mkono unamuuma na safari yenyewe bado mbali. Akakata bima ya gari ya kuvuka mpaka. Akaona mama kafunga dagaa na unga wa uji wa mzazi kwenye mifuko ya plastiki, akavihamishia vyote kwenye vitambaa, maana Rwanda mifuko hiyo hawataki hata kuiona. Na njia akaipanga ya nchi kavu: Shinyanga, walale Kahama, kesho yake wafike. Mzunguko mrefu, lakini mama asipande chombo.

Wakaondoka alfajiri kwa gari la Bhoke. Wakaipita Mwanza vizuri, mama anakula muhogo wa kuchoma, anacheka. Walipofika njia panda ya Usagara, ambapo barabara moja inakwenda Shinyanga na nyingine inakunja kwenda kivukoni, simu ikaita. Faustini.

"Chupa imepasuka. Uchungu umeanza, kabla ya siku zake. Yunisi anauliza mko wapi."

Bhoke akasimamisha gari pembeni. Kwa Shinyanga, kesho. Kwa kivuko, leo hii jioni. Bi Nyangeta mwenyewe ndiye aliyesema.

"Kunja, mwanangu. Twende kivukoni."

Kusema ni rahisi, jamani. Kivukoni utaratibu ni kwamba abiria wote wanashuka, gari linapanda na dereva peke yake. Bhoke akaingiza gari. Bi Nyangeta akatembea mpaka pale zege linapokutana na chuma, akayaona maji, miguu ikagoma. Perusi akamvuta mkono. Wapi! Watu wakaanza kupiga kelele, mama usitucheleweshe, mama ingia au pisha. Yeye anarudi nyuma tu, anasema, "Nendeni. Mwambieni mwanangu nilijaribu."

Hapo Akeyo akavua viatu. Akafungua kanga kiunoni, akainama mbele ya mkwe wake.

"Panda, Mama."

"Mimi mtu mzima nibebwe kama mtoto? Watu wote hawa wananitazama!"

"Wewe ulimbeba mume wangu, tena alikuwa mzito, mwenyewe umesema. Leo zamu yako. Weka uso hapa mgongoni, fumba macho, usikilize moyo wangu. Hutayaona maji."

Akambeba. Mwanamke mzima na mbeleko, mgongoni ana mama mkwe wake! Vijana wa kuuza samaki wakaangua kicheko. Lakini Akeyo akaingia, akatembea huku na huko kati ya malori, akimpigapiga mgongoni taratibu kama anavyopigwa mtoto anayekataa usingizi, na yule mama akawa analia kwa sauti ya chini, akimtaja marehemu mume wake. Wale vijana wakanyamaza. Mmoja akavua kofia. Akeyo hakumshusha mpaka ng'ambo, na alipomshusha hakuweza kunyooka. Ikabidi Perusi amsaidie kuingia garini.

Sasa zamu ya Bhoke. Geita wakaipita, Biharamulo wakaipita. Mbele yake wakakuta lori la ndizi limelala njiani, foleni imekwama huku na huku, madereva wamekaa kivulini wanasema mpaka kesho. Bhoke akashuka, akaupima kwa macho ule ukingo uliobaki kati ya lori na korongo.

"Dada, hapo hapapitiki," akaambiwa.

"Kwa gari lako," akajibu.

Akawashusha wote. Akakunja vioo vya pembeni, akalipitisha gari polepole, tairi za kushoto zikiwa nusu hewani, udongo unamomonyoka chini yake. Perusi aliziba macho. Bhoke alipotokea upande wa pili alikuwa amelowa jasho mpaka shingoni, na wala hakupiga mluzi.

Mpakani Rusumo watu walikuwa wanarudishwa, huyu hana kadi, yule bima yake haivuki. Perusi akatoa vyote kwa mpangilio, wakapita kabla hata hawajakaa kwenye benchi. Ng'ambo ya mpaka magari yanapita kulia, na hapo nusura mambo yaharibike, maana Perusi na mipango yake yote hilo hakulikumbuka. Bhoke alilikumbuka. Wiki nzima alikuwa amejifunza kwenye uwanja wa shule, watoto wakikimbia mbele yake wakijifanya malori. Kila alipofika mzunguko alijiambia kwa sauti, "Kulia, Bhoke, kulia, mama."

Jua lilikuwa linazama walipoingia hospitali. Bi Nyangeta alikimbia, mama yule, akaingia, akamshika Yunisi mkono.

"Umekuja," Yunisi akasema.

"Nimekuja, mwanangu. Sukuma."

Akazaliwa mtoto wa kike. Akakaa kimya kidogo, kimya kile alichokijua Yunisi tangu mara mbili zilizopita, kisha akalia. Nje kule dirishani wakamwana watatu wakakumbatiana wakalia naye, Akeyo akisema mgongo, jamani, mgongo.

Sasa kesi ndiyo hii. Rwanda mtoto hupewa jina lake mwenyewe kwenye sherehe, ndugu na jirani wamekaa, kila mtu anapendekeza. Faustini akampa heshima mkwe wake.

"Mama, jina la huyu litatoka kinywani mwako. Jina moja, sisi hatutalibadilisha."

Bi Nyangeta akasema, "Basi ataitwa kwa jina la yule aliyenifikisha."

Mnaelewa ni zawadi gani hiyo? Mwanamke akiolewa ukoo mwingine, watoto wanarithi majina ya upande wa baba. La kwake halipewi mtu. Hawa watatu wamezaa, wamelea, na hakuna mtoto hata mmoja anayeitwa kwa jina la mmoja wao.

Msidhani walikaa wakijifanya hawataki. Perusi alisema wazi, machozi yakimtoka, "Mama, mimi nalitaka. Bila zile karatasi mngelala mpakani." Bhoke akasema, "Hata mimi nalitaka. Karatasi hazikulipita lile lori." Akeyo alikuwa amelala kwenye mkeka, hawezi kukaa, anamtazama mtoto. Lakini nilipomuuliza baadaye aliniambia, "Na mimi nililitaka, dada. Nililitaka mno."

Msiniambie aitwe Nyangeta, mwenyewe kakataa. Wala msinirundikie majina matatu kwa pamoja. Faustini kasema moja.

Basi tazameni. Watu wamekaa. Mtoto aliyeishi yuko mapajani kwa bibi yake, macho wazi. Bibi anawatazama wanawake watatu waliomleta, mmoja mmoja, anawapenda wote, na midomo yake imeanza kufunguka. Ungekuwa umekaa karibu naye, ungemnong'oneza amwite nani?