Kwaya ya Mama Mkwe

Kisa hiki nimetumiwa na dada yangu, nami nimeona si vizuri nikae nacho peke yangu. Aliye na safari wiki hii akisome kabla hajawasha gari.

Kulikuwa na kijana mmoja, fundi wa friji pale Dar es Salaam, jina lake Laurean. Alimpenda binti wa Njombe aitwaye Yusta, na Yusta naye akampenda. Posa ilishapelekwa. Wajomba hawakuwa na neno. Kilichobaki ni kauli ya mama mzazi, na mama alisema hatoi kauli juu ya mtu asiyemfahamu.

Basi Mungu si Athumani. Mama Yusta alikuwa Dar kumwona mjukuu, na sasa alitaka kurudi kwake. Laurean akajitolea kumpeleka kwa gari la kaka yake. Yusta akamwambia, "Hiyo ndiyo nafasi yako. Usipoipata barabarani, hutaipata tena."

Laurean akakosa usingizi. Hakuwaza matairi wala mafuta, aliwaza muziki. Mwenyewe ni mtu wa dansi, yale magitaa ya zamani yanayomfanya mtu atikise bega bila kujijua. Lakini dansi mbele ya mama mkwe? Akaenda kumuuliza rafiki yake Muganyizi, ambaye hajaoa ila kwa ushauri wa ndoa hana mpinzani.

"Kwaya," alisema Muganyizi. "Tena nakuwekea za huko huko kwao Njombe. Mama atasema mkwe amepatikana."

Akamjazia flashi kwaya tupu.

Alfajiri wakaondoka. Mama alikaa kiti cha nyuma, kama heshima inavyotaka, khanga imefungwa vizuri, mikono mapajani. Laurean alivaa shati la kanisani na kufunga vifungo vyote hadi shingoni. Kwaya ikaanza.

Walipofika Chalinze akauliza, "Mama, sauti iko sawa?"

"Iko sawa, baba."

Morogoro akauliza tena, "Mama, nipunguze kidogo?"

"Hapana, baba. Iko sawa."

Mikumi waliwaona twiga wawili kando ya barabara, wamesimama utadhani wanasubiri usafiri. Laurean alitaka kucheka, akajizuia. Kwa kioo alimwona mama naye amebana midomo. Kwaya ikaendelea. Siku nzima kijana wa watu aliuliza habari za sauti, hata mara moja hakuuliza habari za nyimbo.

Mchana walisimama Ruaha Mbuyuni wakala wali na nyama. Mama alinunua vitunguu, Laurean akavibeba, wakashukuriana kama watu waliokutana ofisi ya serikali. Kisha wakaanza kuupanda mlima Kitonga nyuma ya lori la saruji lililokuwa likitambaa. Jua kali, tumbo limejaa, kwaya inaimba taratibu. Walifika juu salama, lakini macho ya Laurean yalikuwa yameanza kuwa mazito.

Karibu na Ilula gari likayumba.

"Baba! Unasinzia!"

Laurean akashtuka, akalirudisha gari, akaegesha pembeni karibu na wauza nyanya. Aliona aibu kubwa kuliko aliyowahi kuiona tangu azaliwe. Angeweza kusema ni uchovu, na mama angeamini. Lakini akazima redio na kugeuka nyuma.

"Mama, naomba unisamehe. Kwaya naipenda, lakini naisikiliza Jumapili. Nikiendesha safari ndefu huwa naweka dansi, ndiyo inayoniamsha. Hizi niliziweka ili unione mtu wa maana."

Mama alimtazama. Huko nje muuza nyanya alikuwa ameshainua ndoo yake dirishani, naye akaona mambo ya ndani ni mazito, akaishusha.

"Hiyo dansi unayo humu?"

"Ninayo, mama."

"Sasa unasubiri nini? Au mpaka tufe?"

Laurean akabadilisha flashi. Mama akashuka, akafungua mlango wa mbele, akakaa kando ya dereva na kufunga mkanda. Gitaa likalia. Walipoimaliza Ilula mama alikuwa anagonga goti kwa vidole. Walipofika Iringa alikuwa anaimba, maneno yote anayajua, hata yale ambayo Laurean amekuwa akiyakosea miaka yote.

"Mama, kumbe!"

"Kumbe nini? Unadhani Baba Yusta alinipatia wapi? Alinikuta ukumbini, nikamkatalia nyimbo mbili, ya tatu nikacheza."

Laurean akacheka mpaka akapunguza mwendo. Mama naye akacheka. Kisha akasema, "Na nikwambie jambo jingine. Mimi ni mwanakwaya, sauti ya pili. Hao uliokuwa unanipigia tangu Dar ni wapinzani wetu wa parokia ya jirani. Ndio waliotushinda mashindano ya jimbo."

"Mungu wangu! Mbona hukuniambia, mama?"

"Ungeniuliza, ningekwambia."

Waliingia Njombe na baridi yake, vioo vimefungwa, redio juu, majirani wakachungulia. Laurean alilala kwa wajomba usiku huo akiwa na furaha tele. Alijua mambo yamekwisha.

Kesho yake ukoo ukakutana. Mjomba mkubwa akawasalimu, "Kamwene," wote wakaitikia. Kisha akamgeukia dada yake.

"Mama Yusta, umesafiri na kijana kutoka Dar hadi hapa. Tueleze, ni mtu wa namna gani?"

Mama akasimama, akafunga khanga upya.

"Kijana huyu alinidanganya kuanzia Dar mpaka Ilula."

Laurean akainamisha kichwa. Wajomba wakatazamana.

"Kila alichofanya hakikuwa chake," mama akaendelea. "Nyimbo hazikuwa zake, ukimya haukuwa wake, hata kucheka alijinyima. Nilikaa kule nyuma nikiwaza, mwanangu ataishi na nani? Leo ananificha nyimbo, kesho atamficha mwanangu nini? Tulipopita Mikumi nilikuwa nimeshaamua. Nikifika nyumbani, nasema hapana."

Laurean hakuweza kunyanyua uso.

"Tulipofika Ilula akasimamisha gari akaniambia ukweli. Sikuwa nimemkamata, wala hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa na uongo mzuri tu pale karibu, akauacha. Kuanzia hapo nilisafiri na mtu, na mtu huyo nimempenda."

Mjomba akakohoa. "Kwa hiyo jibu ni lipi?"

"Jibu ni ndiyo. Mpigieni Yusta simu, mwambieni aombe ruhusa kazini."

Vigelegele vikapigwa mpaka watoto wakaja mbio kutoka nje. Laurean alilia mbele ya wajomba wote, wala hakujifuta machozi.

Funzo: Ukimficha mtu jinsi ulivyo ili akupende, atampenda au atamkataa mtu mwingine. Muulize anapenda nini, mwambie unapenda nini, kisha safirini pamoja.